Njia ya Wachina na Malungu ya Ufipa

Katika nchi yetu ya Ufipa hata leo yaonekana mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ambayo wazee wetu waliyeyushia chuma. Vijana hupita wakidhani ni vichuguu. Leo twataka kuyatumia kueleza neno moja la Wachina, maana twaona Mfipa aweza kulifahamu upesi kuliko watu wengi.

Neno lenyewe ni Tao. Maana yake ya kwanza ni njia tu, njia ya kupitwa kwa miguu. Na katika mwandiko wao alama yake huunganisha kichwa na mwendo. Confucius alilitumia kwa habari ya mwenendo mwema wa mtu, jamaa na serikali. Lakini katika kitabu kiitwacho Tao Te Ching, chenye sura fupi 81, ambacho husemwa ni cha mzee Laozi, Tao ni zaidi: ndiyo asili ya vitu vyote, na jinsi viendavyo vyenyewe, wala hakuna jina liwezalo kuimaliza. Naye aifuataye hushika wu wei, yaani kutenda pasipo kushurutisha.

Hapo wengi hukwama, wakisema, "Basi huo ni uvivu." Sivyo. Litazameni lungu. Kimo chake chapata mita 3. Wazee walilijenga kwa udongo, wakaacha matundu chini, wakatia mirija ya udongo, wakajaza makaa na mawe ya chuma, wakawasha. Hakuna aliyevukuta. Hewa ya moto ilipopanda na kutoka juu, hewa mpya ilivutwa kwa chini, nayo ikauchochea moto. Kazi ilikuwa nyingi mno, kukata miti, kuchoma makaa, kuchukua mawe. Ila karibu yote ilitangulia. Kweli, chuma kile kilikuwa bado na takataka, kikatiwa tena katika tanuru dogo, nalo lilitaka mivukuto. Hatusemi basi kwamba wazee wetu walikuwa wanafunzi wa Laozi!

Tena yafaa Wakristo wajue kwamba katika Biblia ya Kichina iliyotolewa mwaka 1919, mwanzoni mwa Injili ya Yohana, pale sisi tusomapo Neno, wao husoma Tao. Watafsiri walichagua neno lililo kubwa sana kwa Wachina. Hata hivyo Tao ya Laozi haimwiti mtu kwa jina lake, wala haimsikii aliaye usiku. Tofauti hiyo si ndogo.

Sisi wenyewe tulifahamu jambo la kutoshurutisha kwa hasara. Ninyi mwajua matuta yetu ya ntumba: nyasi hufukiwa mvua zingalipo, zioze, na msimu ufuatao matuta husambazwa, ulezi ukapandwa. Mwaka mmoja tulichelewa, tukafukia mvua zikikatika. Msimu ulipofika tulipasua matuta, nyasi zikatoka kavu kama tulivyozifukia. Tukapanda vivyo hivyo, tukatumaini jembe, tukapalilia kuliko jirani zetu wote. Ulezi ukatoka wa manjano, na watoto wakala chakula cha kununua mpaka mavuno ya pili.

Mkwe wetu mzee alikuja kutazama shamba. Hakutulaumu. Aliinama, akaokota unyasi mmoja usiooza, akatutilia mkononi, akaenda zake.