Meno ya bandia: Ya mashine au ya mkono wa fundi?

WATU wazima wapatao asilimia 7 duniani hawana hata jino moja kinywani, na miongoni mwa waliofikisha miaka 60 na kuendelea kiwango hicho hufikia asilimia 23. Hayo ni makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Afya Duniani (WHO).

Kwa kibogoyo, seti nzuri ya meno ya bandia ndiyo tofauti kati ya kutafuna nyama na kushindia uji. Sasa, mbali na seti zinazoundwa kwa mkono wa fundi, zipo zinazotengenezwa kwa kompyuta na mashine ya kuchapa vitu vya pande tatu.

Njia ya zamani haijabadilika sana tangu miaka ya 1930, akriliki ilipoanza kuchukua nafasi ya mpira mgumu. Daktari huchukua umbo la fizi kwa kimiminika kizito kinachoganda kinywani. Kisha hupima kwa nta jinsi taya zinavyokutana, na meno hupangwa juu ya nta hiyo na kujaribiwa mdomoni. Mwishowe fundi huiyeyusha nta, hujaza akriliki mahali pake na kuipika kwa joto. Kwa kawaida mgonjwa huitwa kliniki mara nne au tano. Akriliki nayo husinyaa kidogo inapoiva, hivyo huenda isikalie fizi sawasawa.

Katika njia mpya, umbo la fizi huingizwa kwenye kompyuta kwa skana, meno hupangwa kwenye skrini, na mashine huijenga seti tabaka kwa tabaka kwa resini inayogandishwa na mwanga. Marekani iliruhusu resini ya kuchapia msingi wa meno ya bandia mwaka 2015. Safari za kliniki zaweza kupungua hadi mbili au tatu.

Lakini faida kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni faili. Mzee aliyepoteza meno yake wodini anaweza kuchapiwa mengine yaleyale bila kuanza upya, mradi fizi zake hazijabadilika.

Hata hivyo, msomaji asichanganye kuchapa na kuchonga. Ipo mashine nyingine ya kompyuta inayochonga seti kutoka kipande cha akriliki kilichokwisha kuiva. Katika vipimo vya maabara, seti za kuchongwa kwa kawaida huwa imara zaidi, huku resini nyingi za kuchapwa zikivunjika kwa urahisi kuliko akriliki iliyopikwa. Meno yaliyogundishwa kwenye msingi wa kuchapwa pia yanaweza kung'oka.

Aidha, skana hupata taabu kwenye fizi laini zilizolowa mate, na haioni vyema namna shavu na ulimi vinavyosukuma kingo za seti. Ndiyo maana madaktari wengi bado huchukua umbo kwa mkono, kisha huliskani. Umbo likichukuliwa vibaya, mashine itachapa kosa lilelile kwa uaminifu mkubwa.

Lipo pia tatizo ambalo hakuna njia kati ya hizo inayolitibu. Meno yakishang'olewa, mfupa wa taya huanza kupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, na taya la chini hupoteza zaidi kuliko la juu. Hapo seti ya chini huelea kila ulimi unapojongea. Wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 walipendekeza taya la chini lisilo na meno litiwe vipandikizi viwili vya kushikilia seti, ingawa gharama yake iko juu ya uwezo wa wengi.

Anayetaka kuwekewa seti ya kidijitali ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: imechapwa au imechongwa, faili litahifadhiwa na nani, na ikivunjika itatengenezwa wapi. Ziwe za mashine au za mkono, seti zote huvuliwa usiku, huoshwa kwa brashi na sabuni laini, na kulazwa katika maji yasiyo ya moto.