Maji ya Wali Hayaondoki na Sukari

"Wali niumwage maji mara ngapi ndiyo sukari itoke?" Nimechoka na swali hili, na ninalijibu kwa maandishi kwa sababu linazidi kusambaa hapa Morogoro, mkoa unaolima mpunga kuanzia Dakawa hadi Mngeta. Wanaoniuliza si watu wasiosoma. Ni walimu, ni wauguzi, ni mama lishe wa Mawenzi, na wengi wao huanza kwa kuomba waelekezwe kupika wali wa mboga unaonukia. Wakishaambiwa hatua ya kwanza tu, wanadakia: na maji nayamwaga lini?

Humwagi. Hatua hiyo haipo.

Imani yenyewe iko hivi: mchele una sukari, ukiuchemsha kwenye maji mengi sukari inahamia majini, basi ukiyamwaga yale maji mazito meupe, mgonjwa wa kisukari anaweza kula wali mpaka ashibe. Wapo wanaomwaga mara mbili. Wapo wanaokamulia na ndimu, eti ndimu inaivuta.

Mchele mweupe hauna sukari ya kutolewa. Katika gramu 100 za mchele mkavu, karibu gramu 80 ni wanga, na sukari haifiki hata gramu moja. Wanga huo uko ndani ya punje. Maji yakipata moto, chembe za wanga huyanywa na kuvimba palepale zilipo, ndiyo maana punje huongezeka na kulainika. Kinachoyafanya maji yawe meupe ni vumbi la kukobolea na wanga kidogo wa juujuu, hasa mchele ukiwa na chenga nyingi. Wanga hugeuka sukari ukishaula: mate huanza kazi, utumbo mwembamba humaliza. Tafuna wali mtupu polepole bila kumeza, utasikia utamu unakuja mdomoni. Utamu huo haukuwemo sufuriani.

Asiyeamini ayachukue maji aliyoyamwaga, ayachemshe kwenye sufuria nyingine mpaka yakauke. Chini utabaki utando mwembamba uliong'ang'ania, wa kukwangua kwa kijiko. Auweke kando ya sufuria ya wali autazame. Aliouondoa ni huo tu. Wanga mwingine wote bado uko kwenye wali, na ukiliwa utaishia kwenye damu ukiwa sukari.

Kuna wanaoniletea ushahidi wa kipimo: walikula wali uliomwagwa maji, namba ikashuka. Nawauliza walikula kiasi gani. Wali uliochemshwa kwenye maji mengi umejaa maji, kwa hiyo kikombe chake kina mchele pungufu, na kwa kuwa umechujuka, mtu hali sana. Kilichoshusha namba ni uchache wa chakula. Namba sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na anayemwambia mgonjwa kwamba akishamwaga maji anaweza kuongeza sahani ya pili. Anamuumiza. Nimeona watu wakipunguza vidonge wenyewe kwa sababu wali wao "umeshatolewa sukari", na katika hilo siwezi kusema kwa upole.

Basi kinachomwagwa ni nini? Ni vitamini za kundi B, zinazoyeyuka kwenye maji. Mchele uliokobolewa umekwishapoteza sehemu kubwa ya vitamini B1 pamoja na pumba. Miaka ya 1890 kule Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakipooza miguu, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakapona. Utafiti huo ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1929. Kile kidogo kilichosalia kwenye mchele wako ndicho unachokimwaga kwenye karo. Na chumvi inakwenda, na utamu wa karoti unakwenda. Mchele wa Kilombero, supa hasa, watu huununua kwa ajili ya harufu, nayo harufu hiyo hupeperuka na mvuke. Ukiuchemsha sufuria ikiwa wazi kisha ukaumwaga maji, harufu uliyoilipia haifiki mezani. Halafu mpishi analalamika wali hauna ladha, anavunjia humo vipande viwili vya kiungo cha dukani ambacho sehemu yake kubwa ni chumvi, ilhali wengi wenye kisukari wana presha pia.

Sasa upikaji, kwa vikombe 2 vya mchele. Chambua, osha mpaka weupe wa maji upungue, loweka dakika 20, chuja. (Kuosha kunaondoa vumbi na kuzuia punje zisigandane, kwa kisukari hakusaidii chochote.) Viungo nunua vizima, si unga uliokaa dukani: Matombo na Kinole, upande wa Uluguru unaopata mvua nyingi kutoka baharini, wana mdalasini na pilipili manga za kutosha. Karoti, njegere mbichi na hoho zinashuka kutoka Mgeta kwa njia ya Sangasanga. Karoti nzuri ukiikunja inavunjika, haipindi. Kaanga kitunguu kwenye mafuta vijiko 3 mpaka kiwe cha kahawia, tia kijiti cha mdalasini, iliki 4 zilizopasuliwa na punje chache za pilipili manga. Harufu ikipanda, tia saumu na tangawizi, kisha karoti zilizokatwa ndogondogo kikombe kimoja na njegere kikombe kimoja. Tia mchele, geuza taratibu dakika 2 mpaka punje zing'ae. Maji ya moto vikombe 3, chumvi kijiko kimoja cha chai. Mchele ukiwa mpya, punguza nusu kikombe cha maji. Ukitaka nazi, kikombe kimoja cha tui kichukue nafasi ya kikombe kimoja cha maji. Funika. Maji yakilingana na mchele, tandaza hoho juu, punguza moto na upalie mkaa kwenye mfuniko. Wa gesi aache moto mdogo kabisa. Dakika 15, kisha epua na uache dakika 10 bila kufunua. Kabichi usitie, inatoa maji. Magadi ya kufanya njegere zibaki kijani usitie kabisa: yanaua vitamini, wali unageuka njano na kuwa bokoboko.

Walioko Nyandira wanaolalamikia mchele mgumu, kinachowachelewesha ni mwinuko. Mko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi joto kama 95. Mjini Morogoro, kwenye mita kama 500, ni kama 98. Ongezeni robo kikombe cha maji na dakika 5.

Mwenye kisukari naye atakula wali huu. Karoti na njegere zilizomo hazimtoshi: nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kisamvu, robo iwe maharage, samaki au kuku, na robo inayobaki ndiyo ya wali, bila kurundikwa. Pima sukari yakipita masaa 2 tangu tonge la kwanza, andika namba pamoja na kiasi ulichokula, umpelekee daktari wako. Dawa aibadilishe yeye, usiibadilishe wewe.