Grisi Kuukuu katika Kalibu ya Risasi

Neno "risasi" lina maana mbili: metali nzito, na kile kirushwacho na bunduki. Kwa mvuvi wa Bukoba au Muleba, metali hiyo yaweza kuwa chubwi la kuzamishia wavu.

Kalibu ya kusubia chubwi ikishikwa na grisi kuukuu, maji matupu hayaiondoi. Mafuta ya taa, yasiyopashwa moto, huiyeyusha. Sabuni hushika mabaki upande mmoja na maji upande wa pili, yakasombwa.

Kisha kalibu ikaushwe kabisa. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Sentigredi. Tone la maji likifunikwa nayo hugeuka mvuke ghafula, hutanuka zaidi ya mara 1,000, na kurusha metali ya moto usoni.

Tena risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mikono ioshwe kabla ya kula.