Je, Wajua? Benki ya Makufuli Matatu

Mama anayeuza unga sokoni Beni au Butembo, mashariki mwa Kongo, hana hati ya nyumba ya kuweka rehani, basi benki humwona kama hayupo. Wengi hukimbilia AVEC, chama cha kuweka akiba na kukopeshana. Fedha hulala katika sanduku lenye makufuli matatu. Funguo hushikwa na watu watatu tofauti.

Riba ya mikopo ipo, ila hurudi kwa wanachama: mzunguko wa kuweka akiba ukiisha, kila mmoja hugawiwa fedha kulingana na hisa alizoweka. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE.

Kuchanga pamoja si kwa wauzaji wadogo tu: matajiri wa Butembo nao walikuza mitaji kwa kuaminiana, wakachangia kontena za bidhaa kutoka Dubai na China, kupitia Mombasa hadi Kasindi, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda.