Kundi O halihusiki na selimundu

"Sote ni O chanya, je, tukioana hatutazaa watoto wenye selimundu?" Wachumba wa Dodoma hawachoki kuuliza hili, wakinyoosha kadi ya kuchangia damu kana kwamba ni kibali cha ndoa. Jibu halimo kwenye kadi hiyo. A, B na O hutaja alama zilizopo au zisizopo juu ya chembe nyekundu. Selimundu ni hitilafu ya himoglobini, iliyomo ndani ya chembe. Jeni ya makundi iko kwenye kromosomu ya 9, ile ya selimundu iko kwenye ya 11, na kila moja hurithiwa kivyake. Mtu wa kundi lolote anaweza kuwa AA (asiye na jeni ya selimundu), AS (mwenye jeni moja) au SS (mwenye mbili, yaani mgonjwa), na hiyo A ya AS si ile ya kundi A. Kinachowachanganya wengi ni Rhesus, ile chanya au hasi ya kwenye kadi: mama hasi akibeba mimba ya mtoto chanya, kweli kuna hatari, ila hiyo ni kesi nyingine kabisa na ina sindano yake.

Akishindwa hapo, mbishi hukimbilia kabila: huo ni ugonjwa wa Kanda ya Ziwa, Wagogo hatuna. Kuna chembe ya ukweli. AS hupunguza makali ya malaria, hivyo jeni ya S ilishamiri palipojaa mbu, na nyanda hizi kavu hazikuwa hivyo. Lakini uchache si ukosefu, na tangu Serikali ihamie hapa, mchumba wa Nkuhungu huenda mama yake ni wa Sengerema. Wala "ukoo wetu hauna mgonjwa" si hoja, kwa kuwa mwenye AS kwa kawaida haugui. Jeni hupita vizazi kimyakimya.

Basi pimeni aina ya himoglobini, kwa elektroforesisi. Kile kipimo cha haraka cha ndiyo au hapana hakitenganishi AS na SS. Mkiwa wote AS, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa SS, na kuzaa mgonjwa mmoja hakuwakingi watatu wanaofuata. Mnaweza kuachana, au kuoana mkijua, mtoto apimwe akizaliwa na, akiwa SS, aanze mapema penisilini, kinga ya malaria na, daktari akiona inafaa, haidroksiurea. Hospitali ya Benjamin Mkapa hupandikiza uloto, lakini kwa kawaida hutakiwa ndugu anayelingana na mgonjwa, kwa hiyo msiiweke kwenye bajeti ya harusi. Mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hamtazaa SS; endeleeni na mahari.