Mkarafuu na Sanduku la Kura

Oktoba 1995, Wazanzibari walipopiga kura ya vyama vingi kwa mara ya kwanza tangu Mapinduzi, majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda chama cha upinzani cha CUF. Unguja, ukitoa majimbo matatu, ikawa ya CCM. Dk. Salmin Amour wa CCM akatangazwa Rais kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tangu hapo, barazani, hata watu wenye akili zao hulimaliza suala kwa maneno matatu: Wapemba ndivyo walivyo. Hayo si maelezo. Mtu hazaliwi na kadi ya chama kitovuni.

Mimi huanzia kwenye mti. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kuanzia hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, ni mti ulikuwa wa nani. Unguja kulikuwa na mashamba makubwa ya matajiri, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na chini ya mikarafuu hiyo waliishi watu waliolima muhogo kwa ruhusa ya mwenye shamba; wengi walitoka bara au walikuwa wajukuu wa watumwa. Pemba, wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao, hata kama ni michache, na waliishi na kuoana na majirani zao Waarabu. Chama cha Afro-Shirazi (ASP), mzazi mmojawapo wa CCM, kiliposema habari za wanyonge na mabwana wa ardhi, mkaazi wa shamba la Unguja alisikia ahadi. Mpemba mwenye miti yake alikuwa na sababu ya kujiuliza kama na yeye anahesabiwa miongoni mwa mabwana.

Ndiyo maana ASP ilipasuka mwaka 1959, ikazaliwa ZPPP ya Muhammed Shamte, yenye mizizi Pemba, ambayo baadaye iliungana na chama cha ZNP, maarufu kama Hizbu. Mwaka 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Serikali ikaundwa na Hizbu na ZPPP. Miezi michache baadaye, Januari 12, 1964, yakaja Mapinduzi, na yalifanyika Unguja. Pemba iliyapokea yakiwa yameshakwisha. Ikumbukwe pia kwamba ASP haikukosa watu wake Pemba siku hizo. Hawa ndio ambao hadithi ya “kisiwa kizima” huwasahau.

Kilichofuata ndicho, kwa maoni yangu, kilichoupanua ufa usizibike. Muunguja wa Ng’ambo aliiona serikali mpya kwenye eka tatu alizogaiwa, kwenye kazi ya ofisini, kwenye majumba ya Michenzani. Mpemba aliiona kwenye mizani. Karafuu yote iliuzwa kwa shirika la serikali kwa bei iliyopangwa, sehemu ndogo tu ya ile ya soko la dunia, na aliyevusha magunia usiku kwenda pwani ya Kenya alihesabiwa mhalifu mkubwa. Ongeza uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kisiwa kilichojaza hazina kilikuwa na barabara mbovu, na watu wake walilijua hilo kila msimu wa kuchuma.

Mwaka 2010 ulikuwa mtihani mzuri wa dhana ya damu. Mgombea wa CCM, Dk. Ali Mohamed Shein, ni mzaliwa wa Pemba, kama alivyokuwa mpinzani wake Maalim Seif. Kama Mpemba humpigia Mpemba mwenzake tu, kura zingegawanyika. Majimbo ya Pemba, wakati huo 18, yalikwenda CUF yote. Dk. Shein alishinda kwa asilimia 50.1, akaunda serikali ya umoja wa kitaifa, na bei ya karafuu ikapandishwa sana. Hata hivyo Pemba haikugeuka. Bei inaweza kupanda ndani ya msimu mmoja. Aliyekatwa na mizani kwa miaka 30 hasahau msimu unaofuata.

Lakini mti nao usibebeshwe kila kitu. Mji Mkongwe hauna hata mkarafuu mmoja wa kuchuma, na ulikuwa ngome ya CUF. Kusini Unguja, Makunduchi na kwingineko, watu ni wenyeji wa asili kama Wapemba, wala hawakuwa wakaazi wa mashamba ya mabwana. Hata hivyo wamekuwa CCM kwelikweli. Huko kuna hesabu nyingine, ya ukaribu na mji na dola, ambayo karafuu haiigusi.

Halafu mfumo wenyewe hukuza tofauti. Anayeongoza jimboni huchukua kiti kizima, kwa hiyo mwana-CCM wa Wete na mwana-CUF wa Kizimkazi wa miaka hiyo wote wawili walitoweka kwenye matokeo ya viti. Juu ya hapo kuna sharti la ukaazi: miezi 36 mfululizo katika jimbo kabla ya kuandikishwa, na sheha, kiongozi wa serikali mtaani, ndiye anayejua nani anakaa wapi. Kijana aliyevuka kutoka Mkoani kuja kupanga chumba mjini Unguja, akahama mara mbili kwa sababu ya kodi, anaweza kukaa miaka mitano bila jina lake kuingia daftari la wapiga kura la Zanzibar. Ramani ya kura ya Unguja na Pemba haimwonyeshi popote.