Kabla ya kulipa chumba, funga mulango kwanza

Mwaka uliopita tulimutuma mwenzetu mumoja Kindu na muzigo wa chama. Aliuza muchele na mawese yetu yote, akabakiza kununua vitenge na sabuni. Usiku ule, amechoka, aliingia katika nyumba ya wageni ya kwanza aliyoona. Muziki wa baa ulilia chini ya dirisha mupaka asubui, na watu waliokuwa wanacheza karata kwa feza walipita-pita mbele ya chumba chake. Mulango ulifungwa kwa musumari uliopindwa. Alipotoka kuoga, kibunda hakikuwa tena chini ya mufariji. Ilikuwa feza ya wamama kumi na wawili. Tulimaliza miezi saba kuirudisha, na wawili kati yetu walichelewa kulipa minervali ya watoto.

Hatukumutupia kosa. Tulijiuliza: nani kati yetu alimufundisha namna ya kuchagua pa kulala?

Wamama wa Nyangwe hawakuanza jana kutafuta soko. Livingstone alipofika hapa mwaka 1871, alikuta soko karibu na Lualaba limejaa wanawake, wengi wamevuka muto kwa mitumbwi. Leo tunafika Kasongo na Kindu, na tunalala inje siku mbili, tatu. Basi, mama mwenzangu, shika haya.

Uliza mbele ya kusafiri. Mama aliyetoka kule juma lililopita anajua kuliko kibao cha rangi barabarani. Misioni na makanisa mengi yana vyumba vya wageni. Mara nyingi kunakuwa kimya, na mulango mukubwa unafungwa mapema.

Hesabu bei yote. Tuseme chumba cha mbali ni franka 10.000, cha karibu na soko 15.000. Kwa siku tatu, cha karibu kinakuzidishia 15.000. Lakini moto ya kwenda na kurudi, 3.000 kila mara, inakula 18.000. Tena Lualaba inapita katikati ya Kindu: Alunguli iko ng'ambo moja, Kasuku na Mikelenge ng'ambo nyingine. Hesabu na feza ya kuvuka.

Omba kuona chumba. Ingia, funga mulango kwa ufunguo, tazama dirisha, chandarua, maji. Choo kikiwa inje, uliza kama kuna taa usiku. Beba kadena yako. Ukisikia baa ao watu wa kamari nyuma ya ukuta, endelea kutafuta, hata kama bei ni ndogo.

Karte ya uchaguzi, waandike jina, kiisha wakurudishie palepale. Usilale bila karte yako.

Feza usiiweke pahali pamoja. Na zaidi ya yote, safirini wawili: mumoja akienda kuoga, mwenzake anabaki chumbani.

Sasa chama chetu kinatenga feza ya kulala mbali na ile ya biashara, ili mama asichague chumba kibaya kwa kuogopa kugusa kapitali. Safari iliyofuata walienda wawili, na yule mwenzetu alikuwa mumoja wao. Walirudi na vitenge, na feza yote ikahesabiwa juu ya mukeka, mbele yetu sisi wote.